Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa mamlaka ya mawasiliano: kanuni ya utani uliyotuahidi iko wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

YAH: KUFUNGIWA UKURASA WA UTANI WA MPIRA NA KANUNI AMBAYO HAIJATOKA

Pokea salamu zangu na heshima unayostahili. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako zilipokelewa, zikagongwa mhuri, na tangu hapo hakuna aliyenijibu.

Mimi ndiye mwenye ukurasa unaomuiga mtangazaji wa mpira wa redio yetu. Wiki iliyopita maofisa wako waliufunga, na simu yangu wakaondoka nayo. Nilichopewa ni maneno ya mdomo tu, kwamba nimeeneza taarifa za uongo kwa sauti ya mtu mwingine. Kifungu gani nimevunja, sikutajiwa. Nani amelalamika, sikuambiwa.

Kilichotokea ni hiki. Siku ya mechi ya watani wa jadi niliweka klipu fupi nikitangaza kwa ile namna yake ya kuvuta pumzi na kurudia neno la mwisho: "Mechi ya leo imeahirishwa, imeahirishwa! Nguzo za goli zimegoma kusimama mpaka zilipwe posho ya jua!" Juu ya picha niliandika UTANI kwa herufi kubwa nyekundu, na neno hilo halikuondoka mpaka klipu ilipoisha. Jina la ukurasa nalo linaanza hivyohivyo. Nembo ya redio sikuigusa. Nilichora kipaza sauti kilichovaa njumu. Kuna mtu akaikata klipu ile, akaacha maneno ya mwanzo peke yake, akaitoa picha ikabaki sauti tupu, akairusha kwenye makundi ya WhatsApp. Watu wakaamini. Wapo waliogeuza njia wakarudi nyumbani na tiketi zao mfukoni. Nawaonea huruma kwa dhati, maana nami ni shabiki na najua mechi ile inavyosubiriwa.

Aliyekata klipu hajaulizwa lolote. Aliyeandika UTANI ndiye aliyehojiwa mpaka usiku.

Mheshimiwa, nakukumbusha maneno yako. Ulipokutana na sisi watengeneza maudhui ulisimama mbele yetu ukasema hakuna atakayeadhibiwa kwa utani ulio wazi, na kwamba mwongozo wa maandishi utatoka kabla msimu mpya haujaanza. Tulikupigia makofi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga. Msimu ule ulianza, ukaisha, bingwa akakabidhiwa kombe, na sasa tuko katikati ya msimu mwingine. Mwongozo haujatoka. Badala yake wamekuja maofisa.

Nimesikia kwamba ofisi yako inaona ni vigumu kutofautisha anayeiga kwa utani na anayeghushi. Nakuomba usikubali maelezo hayo. Novemba 2022, Twitter ilipoanza kuuza alama ya bluu ya uthibitisho kwa dola 8 kwa mwezi, mtu mmoja alifungua akaunti kwa jina la Adam Schefter, mwandishi wa habari za michezo wa ESPN, kituo cha televisheni cha michezo cha Marekani, akaweka alama ile, akatangaza kwamba Josh McDaniels, aliyekuwa wakati huo kocha wa Las Vegas Raiders, timu ya mpira wa Kimarekani, amefukuzwa. Ndani ya maneno yale hamkuwa na kichekesho hata kimoja. Ilikuwa habari ya kawaida, imeandikwa kama zinavyoandikwa zote, imebeba jina ambalo mashabiki wanaliamini, na haikuwa kweli. Huko ndiko kughushi. Anayeghushi anafanya kila juhudi usimgundue. Mimi nikimaliza klipu na msikilizaji hajagundua kuwa naigiza, kazi yangu yote imepotea bure.

Na kazi yenyewe si ndogo. Mtangazaji huyu nimemsikiliza tangu utotoni. Najua anaposhusha sauti kabla ya kona, najua jinsi anavyolitaja jina la mshambuliaji mara mbili asipoona vizuri nani kaupata mpira, najua dakika za nyongeza zinavyombadilisha mpaka anawasahau wadhamini. Mambo hayo huwezi kuyaiga bila kumpenda mtu. Kisha lazima nitafute jambo lisilowezekana kabisa, nguzo kugoma, mpira kuomba kubadilishwa, mwamuzi kujionyesha kadi mwenyewe, ili hata anayesikiliza akiwa jikoni ajue ni mchezo. Mwenyewe aliwahi kuitaja klipu yangu moja hewani huku akicheka. Ndiyo maana siamini kwamba malalamiko yametoka kwake. Nadhani yametoka kwa viongozi wa klabu, kwa sababu tiketi za mechi ile ziliwasumbua na ilibidi apatikane mtu wa kubebeshwa lawama. Kama nimekosea, ofisi yako inaweza kunieleza kwa barua ya ukurasa mmoja.

Wengine wameshaandika kanuni za utani, Mheshimiwa. Tarehe 3 Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Deckmyn, ilitaja sifa mbili za mwigo wa kuchekesha kwa upande wa hakimiliki: ukumbushe kazi iliyopo huku ukionekana wazi kuwa tofauti nayo, na uwe na ucheshi au kejeli ndani yake. Tangu tarehe 10 Aprili 2025 mtandao wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter, unazitaka akaunti za aina hii zianze majina yao kwa neno linalotangaza utani, na zisitumie picha ileile ya anayeigwa. Ukurasa wangu ulikuwa umetimiza yote hayo bila kulazimishwa na mtu.

Najua wapo wanaopinga alama hizo. Mwaka 2016 huko Parma, Ohio, Anthony Novak alifungua ukurasa wa Facebook ulioiga ule wa polisi wa mji wake. Ukurasa ulidumu kama saa 12 tu. Alikamatwa, akalala mahabusu siku nne, akashtakiwa, kisha akaonekana hana hatia. Shauri lake la kudai haki lilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, jarida la vichekesho la The Onion liliiandikia mahakama likisema kwamba utani ukilazimishwa kujitangaza unakufa. Hapo sikubaliani nao. Katika mpira habari ina saa yake. Mtu akiamini uongo saa nane mchana, saa kumi mechi imeshampita. Niko tayari kuweka alama, hata kubwa kuliko ile. Lakini litazame hili nalo: Februari 2023 mahakama ile ilikataa kusikiliza rufaa ya Novak, na zile siku nne hakuna aliyemrudishia. Kuonekana huna hatia baada ya kuadhibiwa ni faraja ndogo sana, na mimi hata shtaka la kujitetea sina.

Simu ile ndiyo ofisi yangu. Ndani yake kuna sauti nilizorekodi kwa miaka, namba za wanaonialika kushereheshea, matangazo ya wafanyabiashara wadogo waliokwisha kunilipa na ambao leo wanaona nimewatapeli. Wawili wamedai fedha zao na fedha nimeshazitumia kwa kodi ya nyumba. Harusi niliyopangiwa kuongoza amepewa mwingine, kwa sababu wazazi wa bibi harusi hawataki mtu "mwenye kesi". Kesi sina, Mheshimiwa! Hakuna hati ya mashtaka, hakuna namba ya jalada niliyopewa, lakini mtaani nimeshahukumiwa. Mama yangu ameacha kuulizia mpira. Ananiuliza kama nitalala nyumbani.

Nilitaka kuomba mengi katika barua hii: simu irudishwe, ukurasa ufunguliwe, aliyekata klipu atafutwe, niombwe radhi. Kadiri ninavyoandika naona yote hayo yanategemea jambo moja. Andika kanuni. Iseme ni alama gani tuweke, tuiweke wapi, na nani atawajibika alama ikifutwa na mtu mwingine. Iseme tutaonywa kwa maandishi kabla ya kufungiwa, na tutakata rufaa wapi. Hata ikiwa kali, iandike. Hata ikinibana mimi, iandike, nitaifuata. Uliiahidi mwenyewe, kwa kinywa chako, mbele yetu sote.

Mechi ya marudiano iko karibu na vijana wengi wanaoiga watangazaji wameshafuta klipu zao kwa woga. Naomba kanuni itoke kabla ya siku hiyo, Mheshimiwa, na naomba ibandikwe pale ambapo kila mtu ataisoma.

Wako mtiifu,

Mwenye ukurasa uliofungwa