Wabashiri wa uchumi nao wasahihishwe

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu ujana wangu bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu ya Jumatatu kuhusu mwenendo wa shilingi ya Kenya mwakani imenilazimisha. Wachambuzi watatu, picha tatu, na hakuna aliyetamka neno "huenda".

Mimi huagiza vipuri vya magari kutoka Dubai. Januari 2024, dola ilipopita shilingi 160, mshauri mmoja aliyekuwa hakosekani redioni alituambia sisi wafanyabiashara, katika kikao tulichotozwa kiingilio, kwamba kufikia Pasaka itakuwa 180, na alipoulizwa itakuwaje isipofika huko alicheka tu akafunga daftari lake. Kwa kuhimizwa hivyo, nikanunua dola za kontena zima. Februari serikali ikauza hatifungani, yaani hati ya mkopo, ya dola bilioni 1.5 ili ilipe sehemu ya deni la bilioni 2 lililokuwa liive Juni, wawekezaji wakatulia, na Pasaka ilipofika, tarehe 31 Machi, dola ilikuwa karibu shilingi 130. Wenzangu waliosubiri wakawa wanauza pedi za breki kwa bei iliyo chini ya ile niliyonunulia mimi, huku bwana yule akirudi redioni kueleza, kwa sauti ile ile ya uhakika, kwa nini kuimarika kwa shilingi lilikuwa jambo la kutarajiwa.

Philip Tetlock, mwanasaikolojia wa Marekani, aliweka kumbukumbu za ubashiri wa wataalamu 284 kwa takriban miaka 20, akakuta kuwa waliosakwa zaidi na vyombo vya habari ndio walioelekea kukosea zaidi. Watabiri wa hali ya hewa, ambao tunawacheka kila mvua inapochelewa, angalau hutaja uwezekano na hukubali kupimwa: kipimo alichobuni mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier mwaka 1950 humwadhibu vikali zaidi anayekosea huku akijiapiza.

Na hapo sijagusa ukurasa wenu wa michezo, unaowauzia vijana mikeka ya kubeti ya "uhakika asilimia 100" bila kuchapisha kamwe mikeka iliyochanika jana yake.

Ombi langu ni dogo. Kila Januari 31, rudisheni picha zile zile kwa ukubwa ule ule, na chini ya kila moja mwandike tarakimu aliyoitaja na iliyotokea. Asiyetaka kutaja tarakimu ahamishiwe ukurasa wa nyota, baina ya Mizani na Nge.

Muuza vipuri,
Mombasa