Kaka wa glovu za Kibo, asante

Kaka, jina lako sikuuliza. Usiku ule Kilimanjaro, juu ya Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, changarawe inateleza, hatua moja mbele, nusu nyuma, vidole vyangu vikafa ganzi kabisa. Wewe ulikuwa na kundi jingine, wala hukuwa na deni nami. Ukavua glovu zako ukanivisha, mikono yako ukaificha kwapani. "Pole pole dada, tutafika."

Jua lilichomoza nyuma ya Mawenzi tukiwa Gilman's Point, ukingoni mwa kreta. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, nilifika! Walioahidi kuwachangia watoto wenye saratani kwa safari yangu hii wametimiza, na fedha zote zimeshafika wodini.

Glovu zako nimezifua, ninazo. Nikirudi Marangu nitakuulizia getini. Aika, asante sana, kaka yangu.