Mwanangu, anza na rufaa ya Kubin

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza inakuwaje kipokezi (protini ya seli inayopokea ishara) ambacho mfuatano wake, yaani mpangilio wa herufi za DNA yake, haujawahi kuandikwa popote kinyimwe hataza, haki ya pekee ya mvumbuzi, kwa madai kwamba ni dhahiri. Soma rufaa ya Kubin, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Marekani Aprili 2009.

Marek Kubin na Raymond Goodwin waliomba hataza ya DNA iliyotengwa, inayotengeneza kipokezi cha binadamu kiitwacho NAIL, kilicho juu ya seli za kinga za NK. Waliikosa. Hataza ya awali, ya Valiante, ilikwishataja protini hiyohiyo kwa jina la p38, pamoja na kingamwili (protini ya kinga inayonasa kitu maalumu) inayoinasa, C1.7, na hatua tano za kuipata jeni yake. Hapo ndipo kesi ilipolala. Mwenye kingamwili hutengeneza maktaba ya cDNA, yaani DNA iliyonakiliwa kutoka RNA (ujumbe wa jeni ndani ya seli), kutoka seli zenye kipokezi, huiingiza katika seli nyingine, kisha huokota zile zinazonaswa. Mfuatano husomwa mwishoni, na fundi wa kawaida wa fani hiyo hutarajia kuupata; ndiyo maana huitwa dhahiri.

Waombaji walitegemea uamuzi wa mahakama hiyohiyo katika kesi ya Deuel ya 1995, kwamba kujua njia si kuijua molekuli. Baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua katika kesi ya KSR mwaka 2007 kwamba kilicho dhahiri kukijaribu chaweza kuwa dhahiri, ngao hiyo ilitoboka. Kusema NAIL hushikana na CD48, protini nyingine ya seli, hakukusaidia pia: hiyo ni tabia ya NAIL yenyewe, awe ameijua mtu au la.

Kuna jambo wengi hulipita. Dai, yaani sentensi ya maombi inayotaja kinachoombewa ulinzi, lilitaka kila DNA inayotengeneza protini inayofanana angalau 80% na asidi amino (viungo vinavyojenga protini) za 22 hadi 221 za NAIL. Hizo ni 200, kwa hiyo hadi 40 zingeweza kubadilika, na maombi hayakueleza zipi zibadilike bila kuharibu mshikamano na CD48. Bodi ya rufaa ya ofisi ya hataza ililikataa kwa sababu hiyo pia; mahakama haikuhitaji kufika huko.

Ukiwa na kesi kama hii, usipoteze kurasa ukirudia kwamba mfuatano haukujulikana. Onyesha njia ilikuwa ngumu: kingamwili haikunasa, RNA ilikuwa haba, maktaba zilitoka tupu, wengine walijaribu wakashindwa. Weka hayo katika tamko la kiapo, pamoja na kurasa za daftari la maabara, faili likiwa bado kwa mkaguzi wa ofisi ya hataza. Mahakama ya Rufaa haipokei ushahidi mpya, na haibatilishi matokeo ya Bodi kuhusu ukweli ikiwa yana ushahidi wa kutosha.

Tena, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Myriad mwaka 2013, DNA ya asili iliyotengwa tu haipewi hataza Marekani. Andika dai la cDNA.

Nitumie rasimu ya madai kabla hujaiwasilisha.

Mama yako