Lebo iseme pia dawa iliyotiwa kwenye kitambaa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mashati ya pamba yanayouzwa kwa sifa ya kutohitaji pasi. Pamba hukunjamana kwa sababu minyororo ya selulosi (molekuli ndefu zinazounda pamba) iliyomo ndani ya nyuzi huteleza inapopata unyevu, kisha hushikana upya palepale ilipokunjika. Ili kuzuia hali hiyo, kiwandani kitambaa huchovywa katika dawa ya resini, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa kemikali iitwayo fomaldehaidi, hukamuliwa, hukaushwa, kisha hutiwa joto kali hadi dawa iunganishe minyororo hiyo kama vidato vinavyoshika miti miwili ya ngazi.

Uzi uliofungwa hivyo hupungukiwa na nguvu. Shati langu la aina hiyo lilichanika kwenye ukingo wa kola, ilhali la kawaida nililolinunua siku ileile lingali zima (ingawa, nakiri, limejaa makunyanzi). Isitoshe, fomaldehaidi inayosalia kitambaani huwasha ngozi za baadhi ya watu, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 75 kwa kila kilo ya nguo zinazogusa ngozi.

Kuifua nguo kabla ya kuivaa mara ya kwanza hupunguza mabaki hayo, lakini mnunuzi atajuaje kwamba anapaswa kufanya hivyo? Ikiwa lebo hutaja asilimia ya pamba, sioni sababu ya kunyamazia dawa iliyoibadilisha pamba hiyo.

Msomaji wako