Moto wa kambi na barua ya shukrani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu kambi za wasichana za likizo ya kiangazi.

Niliwahi kuwa mlezi katika kambi moja. Jioni ya mwisho, binti wa miaka 11 aliyelipiwa ada na mfadhili alisimamishwa mbele ya moto asome barua ya shukrani. Karatasi ilimtetemeka mkononi. Waliolipiwa na wazazi wao hakuna aliyewataka washukuru. Kisha tukaimba kwamba sisi sote ni dada. Moyo uliniuma, na hadi leo unaniuma.

Kambi hizi zina historia yake. Chama cha wasichana kiitwacho Camp Fire Girls kilipoanzishwa Marekani mwaka 1910, wasichana walivaa na kujipa majina kwa kuiga wenyeji asilia wa nchi ile. Wakati huohuo, watoto wa wenyeji hao walipelekwa shule za bweni na kukatazwa kusema lugha zao!

Sisemi moto uzimwe. Ukimya wa alfajiri kando ya ziwa humfundisha msichana kusali kuliko mahubiri mengi, nimeliona hilo kwa macho yangu. Lakini sala hiyo imfikishe kwenye maswali: ardhi hii ilikuwa ya nani? Anayetuoshea sufuria analipwa nini? Nani alitamani kuja akashindwa?

Viongozi watoze ada kwa kadiri ya kipato, nani kalipa nini ibaki siri ya ofisi, na barua zile zikome msimu huuhuu.

Mlezi wa zamani wa kambi