Hoja ya soda ni gramu za sukari, si miwa wala mahindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie madai yaliyoenea tangu Rais Donald Trump alipotangaza, Julai 2025, kwamba Coca-Cola imekubali kutumia sukari ya miwa nchini Marekani, ya kwamba soda ya namna hiyo ni salama kuliko yenye shira ya mahindi, yaani maji mazito matamu yanayotengenezwa kwa wanga wa mahindi.

Kampuni kubwa za soda za Marekani zilihamia kwenye shira hiyo katika miaka ya 1980 kwa sababu ya bei, kwani serikali iliwekea kikomo sukari kutoka nje, sukari ikawa ghali, ilhali mahindi yalikuwa tele. Afya haikuwa hoja. Shira ya soda ina takriban asilimia 55 ya fruktosi, na sehemu kubwa iliyobaki ni glukosi, zote mbili zikiwa aina za sukari sahili. Sukari ya miwa ni nusu kwa nusu, na ikifika kwenye utumbo humeng'enywa kuwa vitu hivyo hivyo viwili. Kuhusu ladha, sibishani na mtu.

Kinachonisikitisha ni wazazi wa huku kwetu, ambako soda ya sukari ya miwa si jambo geni, kuipokea habari hii kama kibali. Kopo la Coca-Cola la mililita 355 lina gramu 39 za sukari, karibu vijiko kumi vya chai, wakati ushauri wa Shirika la Afya Duniani, kwa mtu mzima, ni zisizidi takriban gramu 50 kwa siku. Mtoto anayeteremshia maandazi kwa soda anabakiwa na nafasi gani?

Naomba gazeti lako litaje gramu hizo kila linapoandika habari hii.

Wako,
Msomaji, Morogoro