Ile blauzi ya mistari iache Malindi

Langoni, Lamu
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu,

Salamu zako zimefika, na hongera ya cheo. Mama tangu asikie kila mgeni akiingia lazima aambiwe.

Sasa hiyo picha ya kazini. Umefanya vyema kutaka kuja kupigwa huku, ila ngoja kwanza nikusimulie yangu, maana mpaka leo imebandikwa ukutani ofisini na kila nikipita naangalia chini.

Asubuhi ile nilijipaka krimu ya kuzuia jua, juu yake poda. Kwenye kioo, mashallah. Mpiga picha akaniweka chumbani, akapiga fleshi. Picha zilipotoka, uso mweupe kama niliyeanguka kwenye gunia la unga, shingo na mikono ndiyo yangu. Nikamlaumu mtoto wa watu na kamera yake. Kumbe ni ile krimu: nyingi zina zinki oksidi au titani dioksidi, vitu vyeupe vinavyorudisha mwanga, na fleshi ikipiga, uso ndio unaowaka. Basi siku hiyo iache. Ukitoka jasho, na hapa utatoka, usiongeze poda juu ya jasho. Bonyeza tishu taratibu kwanza, kisha poda kidogo puani na kwenye paji.

Krimu mpya pia usijaribu wiki hiyo. Hina ipake siku mbili kabla, kwani ikibanduliwa huwa rangi ya chungwa na hukolea baadaye. Piko usiguse kabisa! Lile jeusi huchanganywa na rangi ya nywele, na nimeona mikono ya bibi harusi imetoka malengelenge.

Mtandio chukua wa pamba. Wa satini unateleza, na upepo wa pwani haukungoji ufunge pini. Rangi moja iliyotulia itakupendeza kuliko maua makubwa, kwani hapo anayetakiwa kuonekana ni wewe. Ile blauzi yako ya mistari myembamba usije nayo. Mistari ikibanana hivyo, kwenye kamera hucheza kama maji.

Na usije umeivaa nguo ya picha. Ibebe kwenye mfuko, imepigwa pasi. Unavijua vichochoro vyetu: punda akija na mzigo wa mchanga huna budi kujibana ukutani, na chokaa hiyo begani haitoki kwa kupangusa. Mimi buibui langu lilitoka hapo kama limeandikwa ubaoni.

Saa ya kupigwa tutapanga na mpiga picha, lakini mimi naona alasiri. Asubuhi pale forodhani jua linatoka upande wa Manda, linakupiga machoni, unatoka umekunja uso kama unayedai deni. Jioni mji wenyewe unatupa kivuli na mwanga unakuwa laini. Au tusimame kwenye daka la mlango wa kwetu, ule wa nakshi. Hapo hata mama amependeza, na mama hapendi picha.

Miwani njoo nayo kama unaivaa kila siku. Utainamisha kichwa kidogo tu, mng'ao utaondoka.

Niambie unafika Mokowe siku gani nije kukupokea gatini. Na mama anauliza kama utakula samaki wa kupaka au wa kukaanga.

Shogako wa siku zote